Somo la Mimea: Mtakawa, Jina Moja la Miti Miwili

Msomaji, ukivuka kivuko cha Likoni na kushika barabara iendayo kusini, kisha ukapinda mkono wa kulia kwenda pande za Shika Adabu, utapita minazi, miembe na nyumba za watu. Ukizidi kwenda kwa upande wa Mtongwe na Dongo Kundu, nchi huanza kuteremka, na mwisho wake ni maji ya hori ya Port Reitz, mkono wa bahari uingiao bara kutoka Bandari ya Kilindini. Katika nchi kama hiyo, mahali ambapo mikoko inakwisha na mashamba hayajaanza, humea mti wenye majani ya mviringo na maua ya manjano. Ukiuliza jina lake utaambiwa, "Huo ni mtakawa." Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, na somo letu la leo ni kueleza kwa nini halitoshi.

Tuchukue mfano. Fundi wa mashua amemwagiza mpwa wake ateremke ufuoni akamletee matawi ya mtakawa yaliyopinda, apate kuchonga mataruma, yaani mbavu za mashua. Kijana ameondoka alfajiri, ameingia topeni mpaka magotini, na adhuhuri amerudi na matawi matatu mazuri mabegani. Fundi ameyatazama, akabonyeza mti kwa ukucha wa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Mjomba, si uliniagiza mtakawa?"

"Ndiyo, mwanangu, na huu ni mtakawa, sikukatai. Lakini huu ni wa kamba, nami nilitaka ule wa mbao. Nikiutia huu katika mashua, hautamaliza miaka miwili."

Kijana hakusema uwongo, wala mjomba wake hakukosea jina. Hata hivyo siku nzima ya kazi imepotea, na ukingo wa maji umepungukiwa na matawi matatu yaliyokuwa yakiushikilia udongo. Hasara yote hiyo imetokana na kitu kimoja: kujua jina la mti pasipo kuujua mti wenyewe.

Katika somo hili mti wa kwanza tutauita mtakawa wa kamba, na wa pili mtakawa wa mbao, ili tusichanganyikiwe. Wataalamu wa mimea huuita wa kwanza Hibiscus tiliaceus, na wa pili Thespesia populnea. Yote miwili ni miti ya asili ya pwani yetu, haikuletwa na mtu kutoka ng'ambo.

SI SISI TU TULIOICHANGANYA

Asione haya mtu wa Pwani kwa kuiita miti hii miwili kwa jina moja. Mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye ndiye aliyeweka utaratibu wa kuipa mimea majina mawili ya Kilatini, aliitia miti yote miwili katika ukoo mmoja wa Hibiscus. Mmoja aliupa jina la kuonyesha kwamba majani yake yafanana na ya mti wa Ulaya uitwao Tilia, na wa pili jina la kuonyesha kwamba majani yake yafanana na ya mti uitwao Populus. Ilipita miaka zaidi ya hamsini, hata mwaka 1807, ndipo mtaalamu wa Ureno, José Correia da Serra, alipoutangaza mti wa pili kuwa wa ukoo mwingine, Thespesia. Jina hilo lilikuwa limechaguliwa na Daniel Solander, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyesafiri na Kapteni James Cook na kufika Tahiti mwaka 1769. Maana yake ni kitu kitakatifu, kwa kuwa visiwani huko mti huo ulipandwa mahali pa ibada.

Hata leo mambo hayajakwisha. Mwaka 2001 mtaalamu wa Marekani, Paul Fryxell, aliutoa mtakawa wa kamba katika Hibiscus na kuupa jina jipya, Talipariti tiliaceum. Wengine wamelikubali, na wengine wameshika jina la zamani. Basi msomaji akikuta majina hayo mawili katika vitabu viwili, asidhani kwamba ni miti miwili.

JAMAA YA BAMIA NA PAMBA

Kabla ya kutenganisha ndugu wawili, yafaa kwanza tuwajue wazazi. Mitakawa yote miwili ni ya jamaa moja na bamia, pamba, choya, na ile haibiskasi nyekundu ipandwayo bustanini. Alama za jamaa hii ni rahisi, na kila mtu aweza kuzihakikisha jikoni au shambani mwake.

Alama ya kwanza imo katikati ya ua. Chukua ua la bamia, ulitazame ndani. Utaona kijiti kimoja kilichosimama, na nyuzi nyingi ndogo zenye unga wa manjano zimekizunguka. Unga huo ndio chavua. Nyuzi hizo hazikuota kila mmoja mahali pake. Zimeungana chini zikawa mrija, na ndani ya mrija hupita shina la sehemu ya kike ya ua. Ukiuona mrija huo, na petali tano, yaani vile vipande vitano vya rangi vinavyolifanya ua, umekwisha kuwa karibu na jamaa hii.

Alama ya pili ni ute. Ponda jani au gome bichi, nawe utahisi utelezi vidoleni kama wa bamia iliyokatwa. Alama ya tatu ni nyuzi za gome: vunja kijiti, na gome litakataa kukatika, litachunika refu.

Zamani vitabu vilitenga mbuyu, msufi, mkakao na mlenda katika jamaa nyingine. Tangu mwaka 1998, wataalamu walipoanza kupanga mimea kwa kufuata uhusiano wa damu yao, kama tuwezavyo kusema, yote hiyo imeingizwa katika jamaa hii moja. Kwa hiyo mbuyu mkubwa wa Mombasa na mlenda wa mboga ni ndugu wa mtakawa.

MAHALI UNAPOOTA

Anayetoka majini kwenda nchi kavu hupita miti ya mikoko kwa safu: aghalabu mlilana mbele, kisha mkoko wenye mizizi ya kusimama kama miguu, kisha muia na mkandaa, na mchu nyuma. Mtakawa si mkoko. Hukaa nyuma ya safu hizo, mahali ambapo maji ya bamvua hufika mara chache, na mahali ambapo vijito vya maji matamu hukutana na maji ya chumvi. Huvumilia chumvi, huvumilia tope, wala haudhuriki kwa kufunikwa na maji kwa muda mfupi.

Mbegu za mitakawa yote miwili huelea baharini muda mrefu bila kufa. Ndiyo sababu miti hii yaonekana katika pwani nyingi za nchi za joto, tangu Afrika ya Mashariki hata India na visiwa vya bahari ya Pasifiki. Lakini kwa kuwa yote miwili hupenda ufuo, mahali pekee hapatoshi kuitenganisha. Yatupasa kutazama ua, jani na tunda.

UA

Ua la mtakawa wa kamba hufunguka asubuhi. Lina umbo la kengele, rangi yake ni manjano safi, na chini kabisa ndani yake mna doa la rangi ya damu ya mzee. Jua likizidi kupanda manjano hugeuka kuwa rangi ya chungwa. Alasiri ua huwa jekundu. Na jioni au asubuhi ya pili huanguka likiwa zima. Mtu apitaye asubuhi na mtu apitaye jioni waweza kubishana juu ya rangi ya mti uleule, na wote wawili wakawa wakweli. Kugeuka huko si ugonjwa. Ndiyo desturi ya ua hili.

Mtakawa wa mbao pia una ua la manjano lenye doa jeusi-jekundu ndani, lakini manjano yake ni hafifu, nalo likizeeka huelekea rangi ya zambarau na kunyauka. Rangi basi yaweza kukusaidia, lakini usiitegemee peke yake. Tazama mambo haya mawili:

Kwanza, ncha ya kile kijiti cha katikati. Katika mtakawa wa kamba ncha hiyo hugawanyika mara tano, na kila kipande kina kichwa chake kidogo cha rangi nyeusi-nyekundu. Katika mtakawa wa mbao haikugawanyika, imekuwa kama rungu dogo.

Pili, kikombe cha kijani kilicho chini ya petali. Katika mtakawa wa kamba kikombe hicho kina meno matano yenye ncha, na nje yake kimezungukwa na kikombe kingine kifupi chenye meno zaidi, ambacho hubaki hata tunda likomae. Katika mtakawa wa mbao kikombe hakina meno. Ukingo wake ni kama umekatwa kwa wembe, nao hufanana na kikombe cha kahawa. Vijani vitatu vidogo vilivyokuwa nje yake huanguka mapema.

Hapa tutoe onyo moja. Usiseme, "Ua ni la manjano, basi ni mtakawa." Mijini na vijijini watu hupanda uani kichaka kimoja kilicholetwa kutoka Amerika, Cascabela thevetia, chenye maua ya manjano yaliyojisokota kama faneli. Majani yake ni membamba kama ncha ya mkuki, na ukiyavunja hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Kichaka hicho kina sumu kali katika sehemu zake zote, na mbegu zake zaweza kumwua mtoto. Jani la mtakawa ni pana, wala halitoi maziwa. Mfundishe mtoto wako tofauti hiyo kabla ya kumfundisha nyingine yoyote.

JANI

Maua yasipokuwapo, jani litakujibu. Majani ya miti yote miwili yana umbo la moyo. La mtakawa wa kamba ni la mviringo zaidi, laweza kufika upana wa shubiri moja, na ncha yake ni fupi. Ligeuze: upande wa chini ni wa kijivu au mweupe, kwa kuwa umefunikwa na vinyweleo vingi laini, nao ukiupapasa ni kama kitambaa cha fulana. Jani la mtakawa wa mbao hung'aa pande zote mbili, ni la kijani juu na chini, na ncha yake ni ndefu iliyochongoka.

Tazama pia mahali kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Mtakawa wa kamba huota hapo vijani viwili vikubwa vinavyofunika chipukizi, na vikianguka huacha alama ya duara iliyolizunguka tawi kama pete. Tawi lenye pete nyingi ni la mtakawa wa kamba. Mtakawa wa mbao hauachi pete hizo.

Jambo jingine la kupendeza: chini ya jani, juu ya mishipa mikubwa karibu na kikonyo, mna vijitundu vidogo vitoavyo maji matamu. Sisimizi huvijua sana. Huja kunywa, nao wakiwapo hapo wadudu walao majani hawapati raha. Mti huwalipa askari wake kwa asali.

TUNDA

Tunda ndilo shahidi asiyepingika. La mtakawa wa kamba ni dogo, kama sentimita mbili hivi, lina vinyweleo, na likikauka hupasuka lenyewe vipande vitano na kumwaga mbegu. La mtakawa wa mbao ni kubwa zaidi, mviringo uliobonyea kidogo, ngozi yake ni ngumu, wala halipasuki upesi mtini. Hubaki likining'inia kavu. Likiwa bichi, ulikwaruze kwa ukucha, na utomvu wa manjano utatoka.

KAZI YA KILA MMOJA

Mtakawa wa kamba watupa gome. Huchunwa kutoka matawi machanga yaliyonyooka, huloweka majini siku kadhaa mpaka nyama ya gome ioze na kuachana na nyuzi, kisha nyuzi huoshwa, huanikwa na kusokotwa. Ni kazi inayofanana na ya makumbi ya nazi, na kamba yake hustahimili maji. Mti wake wa ndani ni mwepesi, unaelea. Wafaa kwa vyelezo vya nyavu.

Mtakawa wa mbao watupa mti wa ndani ulio mgumu, mwekundu-kahawia, usioharibika upesi. Hufaa kwa mbavu za mashua, mipini na vyombo vya kuchonga. Huko India hutumiwa hata kwa magurudumu ya mikokoteni.

Watu wa Hawaii, ambao nao ni watu wa bahari kama sisi, hawakuridhika na jina moja. Mti wa kwanza huuita hau, na kwa wepesi wake walifanyia vile vipande vya kando vinavyozuia mtumbwi usipinduke; wa pili huuita milo, na kwa ugumu wake walichonga mabakuli ya chakula. Mahitaji yao yaliwafundisha kutofautisha. Nasi yatupasa kufanya hivyo, ikiwa si kwa majina basi kwa macho.

KWA NINI TUJISUMBUE

Huenda msomaji mmoja akasema, "Siku hizi kamba ni za nailoni na mashua ni za fiberi. Yanihusu nini?" Jibu ni kwamba kazi kubwa ya mtakawa wa kamba haikuwa kamba. Matawi yake huinama mpaka chini, na yakigusa tope huota mizizi, yakawa shina jingine. Hivyo mti mmoja hufanya kichaka kizima kilichosukwa kama uzio, na uzio huo huzuia udongo wa shamba usichukuliwe na mvua za masika kwenda kuzika mizizi ya mikoko. Kaa hupata kivuli, na ndege mahali pa kujificha.

Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na atakaye kukata miti humo sharti aende kwanza kwa Huduma ya Misitu kuomba ruhusa. Lakini mtakawa hukaa mpakani, nao watu wengi huuona kuwa ni kichaka tu. Siku hizi pande hizo zimepata barabara kuu ya Dongo Kundu na madaraja yake ya Mwache na Mteza, na kwa barabara huja viwanja, nyumba na viwanda. Maendeleo hayo yana faida yake. Lakini anayesafisha kiwanja huanza na kichaka asichokijua jina, na aonapo baadaye ukingo wake unamomonyoka huilaumu bahari.

Habari njema ni kwamba mtakawa wa kamba ni rahisi kupanda. Kata kijiti cha urefu wa mkono, ukichomeke katika udongo wenye unyevu mvua zianzapo, nacho kitachipuka. Yule kijana wa mfano wetu asingeona hasara kubwa kama angejua hivyo: matawi yake matatu yaliyokataliwa na fundi yangerudishwa ufuoni, yakatwe vipande, na kupandwa palepale yalipotolewa.

UKIWA NA SHAKA

Chukua tawi moja lenye majani, ua na tunda. Lilaze kati ya kurasa za gazeti, weka mzigo juu yake, na ubadilishe karatasi kila siku mpaka likauke. Andika mahali ulipolichuma, tarehe, urefu wa mti, na rangi ya ua. Na kwa kuwa ua hili hubadilika, andika na saa. Kisha umpelekee mwalimu wa sayansi au ofisa wa misitu. Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yana hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa kwa njia hii hii. Habari za jamaa ya mtakawa katika Afrika ya Mashariki zilichapishwa kitabuni mwaka 2009 na B. Verdcourt pamoja na G. Mwachala, nayo kazi ya namna hiyo hutegemea matawi kama hilo lako, yaliyochumwa na kuandikwa vizuri.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Umekuta tawi lisilo na ua wala tunda, lakini lina alama za pete. Ni mtakawa upi?
2. Jirani asema ua ni la manjano; mkewe asema ni jekundu. Utawapatanishaje?
3. Kikombe cha ua hakina meno. Je, mti huo wafaa kwa mataruma au kwa kamba?
4. Mtoto amekuletea ua la manjano lenye utomvu mweupe. Utafanya nini kwanza?

Msomaji, usiyajibu kwa kalamu peke yake. Jumamosi moja teremka ufuoni saa moja asubuhi pamoja na watoto wako, chagueni ua moja lililofunguka, mlifunge uzi ili mlijue, kisha mrudi adhuhuri na jioni kulitazama. Mtu aliyeliona ua moja likigeuka kutoka manjano hadi wekundu kwa siku moja hatausahau mti wake, wala hatakata ule asioutaka.